Kusoma vitabu vya Kiingereza vya 1580 hadi 1700 kuhusu maumbile na biashara: herufi, tarehe, vipimo na majina ya bidhaa

Anayefungua kwa mara ya kwanza kitabu kilichopigwa chapa London miaka ya 1600 hukwama mahali pawili. Kwanza ni macho, kwa kuwa herufi si zile alizozizoea. Pili, na hapa ndipo pagumu zaidi, ni maneno anayodhani anayajua na tarakimu anazodhani zimejieleza. Kikwazo cha kwanza huisha kwa siku mbili tatu za mazoezi. Cha pili hudumu, kwa sababu hakikusimamishi: unapita juu yake ukiamini umeelewa, na kosa unalibeba hadi kwenye tasnifu au tafsiri yako.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa historia, mfasiri, na yeyote anayetaka kutumia maandishi hayo kama ushahidi wa bei, dawa, mimea, safari au bandari. Kiingereza cha shule kinatosha kuanzia. Na msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawana: majina mengi ya bidhaa za Bahari ya Hindi anayajua kwa lugha ya pwani, na mara nyingi jina la Kiswahili lina uhakika kuliko lile la Kiingereza cha zamani.

Vitu vya kuweka mezani

Tafuta kitabu kwa sura mbili, picha za kurasa zenyewe na maandishi yaliyochapwa upya ili uweze kutafuta neno. Picha za vitabu vya Kiingereza vilivyotoka hadi 1700 zimo katika mkusanyo wa EEBO (Early English Books Online), ambao kwa kawaida huingiwa kupitia maktaba ya chuo kikuu. Mradi wa EEBO-TCP ulichapa upya maelfu ya vitabu hivyo kwa mikono. Sehemu ya kwanza, yenye vitabu zaidi ya 25,000, ilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Januari 2015, ya pili ikafuata 2020, na zote husomwa bure. Ukiona ndani yake alama 〈◊〉, mchapaji hakuweza kusoma neno lote. Nukta nene • ni herufi moja au tarakimu moja iliyofifia. Nukta hiyo ikiwa ndani ya safu ya hesabu usikisie. Rudi kwenye picha.

Kamusi iwe Oxford English Dictionary, kwa kuwa inapanga maana za neno kwa miaka. Usichukue maana ya kwanza inayokuridhisha. Chukua iliyokuwa hai mwaka wa kitabu chako.

Kisha chora daftarini safu sita: mahali katika kitabu, neno kama lilivyoandikwa, maana yake wakati ule, kiasi kama kilivyoandikwa, kiasi hicho kwa vipimo vya leo, na mwisho kabisa nani anasema na alijuaje. Watu huiacha safu hiyo ya sita, wakati ndiyo itakayokuokoa.

Herufi

Herufi inayosumbua kuliko zote ni s ndefu, ſ. Inafanana na f, ila kijistari cha katikati kiko upande wa kushoto tu, au hakipo kabisa. Hukaa mwanzoni na katikati ya neno, na mwishoni hukaa s ya kawaida. Kompyuta huisoma kama f, kwa hiyo ukitafuta sukari, hariri au viungo katika nakala iliyosomwa na mashine, tafuta pia "fugar", "filk" na "fpices".

Hatari kubwa iko kwenye maneno yanayoleta maana kwa herufi zote mbili. "Sailed" ikisomwa "failed", jahazi lililotweka tanga linakuwa lililoshindwa. "Sound" ya mabaharia, yaani kupima kina kwa bildi, inageuka "found", na ghafla nahodha amepata kitu. "Sold" huwa "fold", "same" huwa "fame". Kila unapokutana na neno la aina hii na sentensi inalegalega, kuza picha uangalie kijistari.

Herufi u na v zilikuwa herufi moja yenye sura mbili. Mwanzoni mwa neno huandikwa v, katikati u, kwa hiyo utaona "vpon", "vse", "haue", "riuer". Vivyo hivyo i na j: "iuice", "ioyne". Wachapaji walianza kuzitenganisha kama tunavyofanya leo katika miaka ya 1630, na kufikia katikati ya karne jambo hilo lilikuwa la kawaida. Kabla ya hapo, anayetafuta pembe za ndovu ajaribu "iuory" na "iuorie", lakini ajaribu zaidi "elephants teeth", maana Waingereza waliziita meno pale ambapo sisi tunaziita pembe.

Mengine ni mepesi. "Ye" yenye e ndogo juu ni "the" tu, kwani y hapo inashika nafasi ya herufi ya kale ya sauti ya th. Kistari juu ya irabu ni m au n iliyorukwa, kwa hiyo "cōmon" ni "common". VV mbili ni W. Katika namba za Kirumi i ya mwisho huandikwa j, kwa hiyo "viij" ni 8 na "iiij" ni 4. Neno linaloning'inia peke yake chini ya ukurasa ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, liliwekwa ili kurasa zipangwe sawa. Usilisome mara mbili. Ila lisipolingana na ukurasa unaofuata, jua karatasi imepotea au imepangwa vibaya.

Tarehe

Mpaka 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Juu ya hilo, Waingereza waliendelea kutumia kalenda ya Juliasi, wakati Ureno na Hispania zilihamia kalenda ya Gregori Oktoba 1582. Kwa hiyo kila tarehe ina marekebisho mawili, na ni lazima yafanywe kwa mpangilio.

Kwanza mwaka. Tarehe ikiwa kati ya 1 Januari na 24 Machi, ongeza mwaka mmoja, isipokuwa kama mwandishi ameandika miaka yote miwili. Pili siku. Ongeza 10 kwa tarehe za hadi mwisho wa Februari 1700, na 11 kuanzia hapo.

Mfano ni toleo la kwanza la Philosophical Transactions, jarida lililoanzishwa na Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, jumuiya ya wachunguzi wa maumbile ya London. Limeandikwa Jumatatu, 6 Machi 1664/5. Kwetu mwaka ni 1665. Kwa kalenda ya Gregori siku hiyo ni 16 Machi. Siku ya juma haibadiliki, inabaki Jumatatu, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kuhakiki: kama ubadilishaji wako unaleta Jumatano mahali palipoandikwa Jumatatu, umekosea hesabu.

Kosa la kawaida ni kurekebisha kilichokwisha kurekebishwa. Wahariri wa matoleo mapya mara nyingi hugeuza mwaka lakini wakaacha siku kama zilivyo. Soma dibaji yao kabla ya kugusa chochote.

Tena, mwaka wa chapa si mwaka wa kuandikwa. England's Treasure by Forraign Trade cha Thomas Mun kilitoka 1664, lakini Mun alifariki 1641. Kilichapwa na mwanawe. Anayekitumia kueleza biashara ya miaka ya 1660 amekosa kwa kizazi kizima. Ndivyo ilivyo kwa maelekezo ya mabaharia waendao safari ndefu yaliyotoka katika Philosophical Transactions namba 8: yaliandaliwa na Lawrence Rooke, aliyekufa 1662.

Fedha na uzito

Pauni moja ina shilingi 20, shilingi ina peni 12, kwa hiyo pauni ina peni 240. Alama zake ni li. au l. kwa pauni, s. kwa shilingi, d. kwa peni. Utakutana pia na "mark", ambayo ni shilingi 13 na peni 4, na "noble", nusu yake, shilingi 6 na peni 8. Hizi zilikuwa majina ya hesabu. Usitafute sarafu yake mfukoni mwa mtu.

Hapa kuna mtego mmoja ambao Kiswahili kinatuepusha nao. Herufi l. ni kifupi cha "libra", na Waingereza waliitumia kwa uzito na kwa fedha, wakati mwingine ndani ya mstari mmoja. Sisi tuna ratili kwa uzito na pauni kwa fedha. Andika hivyo daftarini tangu mwanzo, wala usikubali neno "pauni" litumike kwa vyote viwili.

Viungo, nili na bidhaa nyingi nzito zilipimwa kwa ratili kubwa ya wakia 16, ambayo ni gramu 453.6. Dhahabu, fedha na dawa zilipimwa kwa ratili ndogo ya wakia 12, gramu 373.2. Na wakia zenyewe hazilingani: ya ratili kubwa ni gramu 28.35, ya ratili ndogo 31.1. Kwa hiyo ratili ndogo ni nyepesi lakini wakia yake ni nzito, na hilo ndilo linalowapoteza hata wenye kuhesabu vizuri.

Halafu kuna "hundred", inayoandikwa C. Katika mizigo si 100, ni ratili 112, na robo yake ni 28. Chukua shehena ya pilipili manga iliyoandikwa C. 7, robo 2, ratili 14, kwa peni 20 kila ratili. 7 mara 112 ni 784, robo mbili ni 56, jumlisha 14, zinakuwa ratili 854. Mara peni 20 ni peni 17,080. Gawa kwa 12, zinakuja shilingi 1,423 na peni 4. Gawa shilingi kwa 20, unapata pauni 71, shilingi 3, peni 4. Aliyehesabu C. kama 100 ataishia kwenye pauni 63, shilingi 13, peni 4, na tofauti ya zaidi ya pauni saba kwa mzigo mmoja ilikuwa fedha nyingi wakati huo. Kwa vitu vya kuhesabiwa, kama misumari na baadhi ya samaki, "hundred" huweza kuwa 120. Usiamue mpaka umekagua jumla ya mwandishi mwenyewe.

Kukagua jumla ni kazi ya kufanya kila mara, na mahali pazuri pa kujifunzia ni jedwali la Mun katika A Discourse of Trade cha 1621. Mun alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa East India Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya Mashariki, na aliandika kuitetea kampuni dhidi ya waliosema inamaliza fedha ya nchi. Analinganisha bei za bidhaa zilezile zikinunuliwa Aleppo, mji wa biashara wa Shamu, na zikinunuliwa kule Mashariki zinakotoka:

pilipili manga, ratili 6,000,000: Aleppo shilingi 2, Mashariki peni 2 na nusu
karafuu, ratili 450,000: shilingi 4 na peni 9, dhidi ya peni 9
basibasi, ratili 150,000: shilingi 4 na peni 9, dhidi ya peni 8
kungumanga, ratili 400,000: shilingi 2 na peni 4, dhidi ya peni 4
nili, ratili 350,000: shilingi 4 na peni 4, dhidi ya shilingi 1 na peni 2
hariri ghafi, ratili 1,000,000: shilingi 12, dhidi ya shilingi 8

Zidisha mstari kwa mstari. Upande wa Aleppo jumla inatoka pauni 1,465,000 kamili, bila shilingi juu. Upande wa Mashariki ni pauni 511,458 na shilingi kadhaa. Linganisha na jumla alizozichapa mwenyewe. Ukishakagua hesabu ndipo uulize swali la pili: ndani ya bei hizo mna nini? Bei za Aleppo anasema zina gharama ndani yake. Zile za Mashariki ni za kununulia, na gharama kubwa za merikebu, mabaharia na chakula cha safari ya miezi mingi hazimo. Mun anaziona kama fedha inayobaki mikononi mwa Waingereza. Kwa hoja yake kuhusu fedha inayotoka nchini, hilo lina mantiki. Kwa anayetaka kujua faida ya mfanyabiashara, jedwali hili halimfai.

Na usisome "karafuu" hapo ukafikiria Unguja na Pemba. Karafuu za 1621 ni za visiwa vya Maluku. Mkarafuu ulifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19.

Tahadhari ileile ihusu frasila. Vitabu hivi hutaja vipimo vya bandari, navyo vilitofautiana kutoka bandari hadi bandari na bidhaa hadi bidhaa. Frasila ya Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16, lakini huna ruhusa ya kuirudisha miaka 200 nyuma bila ushahidi. Mwandishi akitoa ulinganisho wake papo hapo, tumia huo. Asipotoa, acha kiasi kama kilivyo.

Vipimo vya dawa

Katika maandishi ya tiba uzito huandikwa kwa alama. Wakia ni ℥, drakma ni ʒ, skrupo ni ℈, na punje huandikwa gr. Punje 20 hufanya skrupo, skrupo 3 hufanya drakma, drakma 8 hufanya wakia, wakia 12 hufanya ratili. Kwa gramu: punje 0.065, skrupo 1.3, drakma 3.89, wakia 31.1.

Baada ya alama huja namba ya Kirumi, na "ss" ni nusu. Kwa hiyo ℥ij ʒiss ni wakia 2 na drakma moja na nusu, kama gramu 68. "Ana" maana yake kila kimoja kwa kiasi hicho, na "q.s." ni kiasi cha kutosha.

Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kuisoma ʒ kama tarakimu 3, hasa katika nakala ya mashine. La pili ni kuchanganya ʒ na ℥, ambayo ina kichwa cha ziada juu. Hapo umekosea mara nane. Ndiyo sababu kila dozi ihakikiwe kwenye picha.

Kusoma dawa hizi ni jambo moja na kuzitumia ni jingine. Zebaki, risasi na antimoni zimejaa humo, zikipendekezwa kunywewa. Ukitafsiri kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, weka onyo pale pale penye dawa, si kwenye utangulizi ambao hausomwi.

Maneno yenye sura ya leo na maana ya jana

"Factory" si kiwanda. Ni kituo cha mawakala wa biashara ughaibuni, na "factor" ni wakala. "Adventurer" ni mtu aliyeweka mtaji wake kwenye safari, na huenda hakuwahi kupanda chombo. "Philosopher" katika maandishi ya Royal Society ni mchunguzi wa maumbile. "Physick" ni tiba. "Curious" akisemwa mtu ni mwangalifu, na kikisemwa kitu ni kilichotengenezwa kwa ufundi. "Artificial" ni sifa ya kazi ya mikono, wala haina lawama. "Presently" ni papo hapo, "several" ni mbalimbali au kila kimoja peke yake, "want" ni kukosa. "Corn" ni nafaka yoyote, kwa hiyo usiandike mahindi kabla hujaona dalili nyingine. "Drugs" hujumuisha viungo, rangi na sandarusi pamoja na dawa.

Majina ya kemikali yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi yanadanganya waziwazi. "Copperas" haina shaba ndani yake: ni salfeti ya chuma, ya kijani, iliyotumika kutengenezea wino na rangi nyeusi. Salfeti ya shaba, ambayo tunaiita mrututu, ni "blue vitriol". "Oil of vitriol" ni asidi ya salfuriki, "aqua fortis" ni asidi ya nitriki, "spirit of salt" ni asidi ya hidrokloriki. "Saltpetre" ni shura, "allom" ni shabu, "quicksilver" ni zebaki, "brimstone" ni salfa.

Kwa utomvu na manukato, uliza kila mara kitu kimetoka wapi. "Sandarach" ni mfano mbaya kuliko yote: mahali pengine ni utomvu wa mti, mahali pengine ni madini mekundu ya aseniki, yaani sumu. Neno hilo ni ndugu wa sandarusi yetu, na undugu huo ndio unaomshawishi mfasiri kuandika "sandarusi" bila kuuliza. Angalia kitenzi kilicho jirani. Kikichomwa kwa harufu au kuyeyushwa kwa vanishi ni utomvu. Kikichimbwa au kutajwa karibu na salfa ni aseniki. "Gum anime" nayo huweza kuwa sandarusi ya pwani ya Afrika Mashariki au utomvu wa mti wa Amerika. "Aloes succotrina" ni shubiri ya Sokotra, "civet" ni zabadi, "ambergreece" ni ambari.

Katika orodha hizohizo za bidhaa utakuta watu: "Negroes", pamoja na idadi na bei, kati ya pembe na nta. Tafsiri waziwazi kuwa ni watu waliouzwa utumwani, na idadi yao iingie daftarini kama idadi nyingine yoyote. Biashara hiyo na elimu hii zilikaa nyumba moja. Royal Society yenyewe iliwahi kumiliki hisa za Royal African Company, iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Kunukuu mahali

Namba za kurasa katika vitabu hivi hukosewa mara kwa mara. Utakuta 145 inafuatwa na 164, kisha 147. Tumia alama ya mkunjo iliyo chini ya ukurasa, kama B2 au Cc3. Kila mkunjo wa karatasi ulipewa herufi, na alfabeti yao ilikuwa na herufi 23, bila J, U na W. Baada ya Z huanza Aa. Kitabu cha kwarto, yaani karatasi iliyokunjwa mara mbili, kina majani 4 au kurasa 8 kwa kila mkunjo, kwa hiyo alfabeti moja nzima ni kurasa 184. Jani la mwisho la mkunjo mara nyingi halina alama, lihesabu mwenyewe. Upande wa mbele andika r, wa nyuma v: B4v ni nyuma ya jani la nne. Mwishowe angalia orodha ya masahihisho, mwanzoni au mwishoni mwa kitabu, kabla hujanukuu namba yoyote.

Mfano mzima: jahazi lililoshonwa

Katika toleo kubwa la mkusanyo wa safari la Richard Hakluyt, la 1598 hadi 1600, imo safari ya James Lancaster kwenda Mashariki. Merikebu yake, Edward Bonaventure, ilikaa Zanzibar hadi Februari. Kuna sentensi fupi hapo kuhusu chombo kiitwacho "pangaia". Kinaelezwa kuwa kama mashua pana, chenye tanga moja la mkeka wa majani ya mnazi, mbao zake zimeshonwa kwa magome ya miti na kushikizwa kwa vigingi vya mti.

Mtu wa pwani akifika hapo anajua anatazama mtepe. Jaza daftari hata hivyo, hatua kwa hatua.

Neno lililoandikwa: pangaia. Maana: chombo cha kushonwa, chenye tanga la mkeka. Sasa tazama "magome ya miti". Mitepe ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Makumbi yakishalowekwa, kupondwa na kusokotwa, mgeni asiyeona kazi ikifanywa hawezi kujua yalitoka kwenye tunda, naye atataja kilicho karibu zaidi na kwao, magome. Kwa hiyo maneno yake yanathibitisha ushonaji, vigingi na tanga, lakini malighafi ya kamba usiichukue kwake. Katika tafsiri acha "pangaia" ndani ya matini, na mtepe uuweke kwenye tanbihi. Matini haisemi mtepe, wewe ndiye unayesema.

Safu ya sita: habari hii iliandikwa kutoka kinywani mwa Edmund Barker, luteni wa Lancaster, na Hakluyt mwenyewe hakuwapo. Ni kumbukumbu iliyosimuliwa baadaye kwa mtu mwingine, kwa hiyo vipimo na siku zake zibebe kwa mikono miwili.

Endelea na mistari ya jirani, utaona jinsi mitego ya juu inavyojitokeza. Wareno wana "factory" ndogo kisiwani: kituo cha mawakala. Wenyeji wanaitwa "Moores": Waislamu. Wareno wamewaambia wenyeji kwamba Waingereza ni wala watu, na msimulizi anaeleza sababu yake, kuwazuia Waingereza wasijue habari za nchi na biashara yake. Kuna pia "Sherife", anayeelezwa kama kasisi wao. Msomaji wa Kiswahili anamtambua sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, na anaelewa kwa nini mfalme alimthamini. Msimulizi anasema walimtendea kwa adabu, lakini palepale anaeleza kwamba aliachiwa kwa kubadilishana na chakula cha miezi miwili. Andika yote mawili, sifa na malipo, katika safu zilizo jirani.

Iliyobaki ni tarehe. Februari iko kabla ya 25 Machi, kwa hiyo kagua kama mwaka uliochapwa ni wa hesabu ya zamani. Kwetu ni 1592. Kisha, kama unatafuta tukio hilohilo katika barua za Wareno wa Malindi au Goa, ongeza siku 10 kabla ya kuanza kutafuta, na usome pia wiki moja mbele na moja nyuma, maana Barker alikuwa akikumbuka, si kusoma kutoka kwenye batli.